Daftari Lililokuwa Safi Mno

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mwanangu alirudi nyumbani Tanga kutoka bweni. Alikuwa kidato cha pili, ana miaka 15. Hata begi hajalitua, akanipa daftari lake dogo la kuandikia vipimo vyake vya sukari ya damu, maana ana kisukari. 6.2 asubuhi. 7.1 jioni. 6.8. 5.9. Kurasa zote zilikuwa hivyo, mistari imenyooka, kalamu moja ya bluu mwanzo mpaka mwisho. Nilimkumbatia. Nikampelekea baba yake aone. Nikasema moyoni, mtoto amekua, sasa na mimi nitalala.

Baada ya wiki mbili tukaenda kliniki. Siku hiyo kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi kama mitatu, kilikuwepo. Vijana wanaambiwa walenge chini ya asilimia 7. Chake kilikuja 13 na ushee. Nesi akaliangalia daftari, akaiangalia karatasi ya maabara, kisha akamwomba mashine yake ya kupimia. Akabonyeza kitufe, akafungua sehemu inayotunza kumbukumbu. Mara ya mwisho kupima ilikuwa siku 19 zilizopita. Na namba iliyokuwepo ilikuwa 22.4.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nesi akaniwahi: "Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

Nilikaa kwenye benchi la nje na hasira zangu zote, mikono inatetemeka. Alipotoka alikuja kukaa karibu yangu, akaniuliza taratibu: "Mama, akikwambia sukari yangu leo 18, wewe unasemaje?"

Nikamjibu ukweli. Namuuliza amekula nini.

"Kwa sauti gani?"

Sikumjibu. Aliijua sauti yenyewe, maana nadhani alikuwa ameisikia kwa wazazi wengi kabla yangu.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mama na baba wengine wamekaa kwenye benchi kama lile, na wanaamini tatizo ni mtoto mkaidi. Mimi niliamini hivyo kwa miaka karibu mitatu.

Ugonjwa ulimwanza 2017, akiwa darasa la sita. Alianza kuamka usiku kunywa maji, kikombe juu ya kikombe, na mtoto wa miaka 12 akaanza kukojoa kitandani. Kaptula za shule zikawa zinamvuka. Mama mkwe ndiye aliyeona sisimizi wamejaa pale chooni baada ya yeye kutoka, akaniambia hii si kawaida. Zahanati ya kwanza wakampa dawa ya malaria. Siku ya pili akaanza kutapika na kulalamika tumbo. Mahali pengine wakamtundikia dripu, na baadaye nikaja kujua kwamba ile dripu ilikuwa ya glukosi. Alikuwa anapumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyetoka mbio, na pumzi yake inanuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Tulipofika hospitali kubwa, daktari alimtoboa kidole, mashine haikutoa namba. Iliandika HI, maana yake sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma. Mashine nyingi hizo mwisho wake ni 33.

Tone moja la damu. Lingepatikana siku ya kwanza, mwanangu asingelala siku tatu hajitambui. Kama una mtoto anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana na anakonda huku anakula, usitoke zahanati bila kupimwa sukari, hata kama umeshaambiwa ni malaria. Dai. Wakikuona mkorofi, waache wakuone hivyo.

Alipopata fahamu tukaelezwa kwamba hiki si kile kisukari cha wazee tulichokizoea. Hiki ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili yenyewe inageuka na kushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu huku mwili unakufa njaa. Hakuna alichokula kilichomletea. Hakuna kidonge wala mti wa shamba unaochukua nafasi ya insulini. Nasisitiza hapa kwa sababu ndugu wa pande zote mbili walituletea chupa za kila namna, na mmoja, Mungu amsamehe, alimwambia mtoto waziwazi kwamba akinywa ile yake siku 40 aache sindano. Watoto wanakufa kwa ushauri wa namna hiyo.

Daktari aliyetuhudumia alimsimulia habari moja ambayo mwanangu hajaisahau. Mgonjwa wa kwanza duniani kuchomwa insulini alikuwa mvulana wa miaka kama 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari hiki alikuwa analazwa njaa tu, apewe chakula kidogo sana ili siku zisogee, na huyo Leonard alikuwa amebaki mifupa. Sindano ya kwanza haikumsaidia, dawa ilikuwa bado si safi. Wakaisafisha, wakamchoma tena baada ya siku 12, sukari ikashuka.

Mwanangu akauliza, "Kwa hiyo bado yupo?"

Daktari angeweza kumdanganya. Alimwambia alifariki miaka 13 baadaye, kwa nimonia. Niliona mtoto anapiga hesabu kwa vidole chini ya shuka. Ndipo daktari akamweleza tofauti ya insulini ya wakati ule na ya leo, kwamba wakati ule mtu hakuwa na mashine ya kujipima nyumbani, na kwamba wapo watu wamezeeka na kisukari hiki. Kwa kuwa alimwambia na lile gumu, hili zuri mtoto alilisadiki. Laiti ningejifunza pale pale. Mtoto mkubwa ukimficha kitu kuhusu mwili wake, anajua, na akishajua hakuulizi tena.

Mimi nauza vitumbua Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nyumba yetu inaamka na harufu ya sukari, nazi na iliki, mchele umelowekwa tangu jana, chuma kiko motoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Sasa ndani ya nyumba hiyo hiyo nikawa na mtoto ninayemwogopea kila kitumbua. Nilianza kuvihesabu. Kila beseni najua lina vingapi, na nikirudi kutoka barabarani nahesabu tena. Siku moja vilipungua viwili. Nilimsema mbele ya wadogo zake mpaka jirani akatoka nje. Alisimama tu, hakujitetea. Usiku mume wangu akaniambia ni yeye aliyevila, alipita mchana na njaa. Nilimwomba mtoto radhi asubuhi, lakini nilimwomba haraka haraka huku napakua unga, na kesho yake nikahesabu tena.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha kuficha. Sikuwa na nia hiyo, ila ndicho alichojifunza.

Kosa la pili nililifanya kwa kujisifu. Alipofika miaka 13 alikuwa hodari wa kujichoma kuliko mimi. Anaviringisha chupa viganjani mpaka dawa ichanganyike, anatoa hewa kwenye bomba, anabadilisha mahali, leo tumbo, kesho paja, ili ngozi isifanye uvimbe. Wageni wakija nilikuwa namwita awaonyeshe. Nikasema huyu sasa anajiweza, nikaacha kabisa. Sikujua kwamba kujua kuchoma ni kitu kimoja, na kubeba ugonjwa kila siku, bila likizo, bila mtu wa kukwambia leo pumzika nitafanya mimi, ni kitu kingine. Wapo watu wazima wenye kazi na akili zao unawashinda. Mimi nilimtwisha mtoto wa miaka 13, kisha nikampeleka bweni.

Ya bweni nilikuja kuyasikia baadaye, na aliyatoa kidogo kidogo. Insulini ilikaa kwenye friji ya matroni, na matroni akisafiri mwisho wa wiki, chumba kinafungwa na ufunguo anao yeye. Wenzake walimkuta nyuma ya bafu ana bomba la sindano, ikaenea shule nzima kwamba yule ni teja, mtumiaji wa dawa za kulevya. Kwetu Tanga neno hilo si la mzaha, kila mtaa una familia iliyoumizwa na unga. Akapekuliwa sanduku mbele ya bweni zima. Mwalimu alipoelewa aliomba radhi, ila ni ofisini, wawili peke yao, na bweni halikusikia radhi hiyo. Tangu siku hiyo akawa anachoma usiku tu, taa zikizimwa, gizani, kwa kukisia alama za bomba kwa kidole. Zikapita siku hachomi kabisa. Kupima ndiyo aliacha kwanza, maana alisema, "Mama, kila nikipima naona jinsi nilivyokosea, na nikiandika wewe utaona."

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia mpaka nesi yule: kubalehe kwenyewe kunapandisha sukari. Homoni za kukua zinafanya insulini isifanye kazi vizuri kama zamani, kwa hiyo dozi iliyomtosha akiwa na miaka 12 haimtoshi akiwa na 15, hata angekula kwa mizani. Wasichana nao wengi sukari huwapanda siku chache kabla ya hedhi. Nilifikiria zile 14 na 16 zote nilizomfokea, ambazo huenda hakuzifanya yeye. Mwili wake ulikuwa unarefuka tu.

Pale kliniki daktari alituonya kuhusu hatari nyingine ya daftari la uongo. Daktari anapoona kipimo cha miezi mitatu kiko juu na haelewi kwa nini, ataongeza dozi. Siku mtoto akichoma dozi hiyo yote kwa ukweli, sukari itaporomoka. Nilisikia, nikaitikia kwa kichwa. Ilichukua kama mwezi mmoja nikaja kuiona kwa macho yangu.

Ramadhani mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, shule bado zimefungwa. Mwanangu alitaka kufunga. Daktari alimkatalia: kwa kipimo cha 13, na kwa insulini yake ya mchanganyiko ya asubuhi na jioni, ambayo ukishaichoma inafanya kazi masaa mengi umekula hujala, kufunga kungekuwa hatari. Aliitikia. Wenzake wa mtaani walifunga wote.

Siku ya sita ya mfungo, saa kumi alasiri, nilikuwa uani nakuna nazi za futari. Nikamwona amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anaangalia ukuta. Nikamwita hakugeuka. Nilipomshika bega, shati limelowa jasho, na jasho lenyewe baridi. Midomo inamtetemeka. Akaniangalia kama hanijui vizuri. Nikakimbilia mashine: 2.6. Chini ya 4 ni hatari, chini ya 3 usipoteze hata dakika.

Vijiko vitatu vya chai vya sukari, vimejaa, kwenye kikombe cha maji. Alikunywa mwenyewe, nimemshikia kikombe. Angekuwa hawezi kumeza nisingemtia kitu kinywani, ningemkimbiza hospitali. Tukasubiri dakika 15. Ni ndefu, dakika 15 hizo. Nilimwekea kichwa begani kwangu na mbuzi ya nazi iko pale chini na machicha yameanguka mchangani. Nikapima: 3.5. Vijiko vitatu tena. Ikaja 5.1. Ndipo akala muhogo.

Ndipo akasema, "Nimefunga tangu juzi, mama. Chakula cha mchana nilikuwa nampa paka." Kumbe kila asubuhi nilikuwa nasimama namwona anachoma dozi yake yote, ile iliyoongezwa, na mimi nimeridhika, halafu anashinda na njaa.

Yale maneno yangu yote yalikuwa tayari kooni. Niliyahisi. Nikakumbuka "kwa sauti gani?" Nikamwambia, "Umefanya vizuri kuniambia." Hilo tu. Alilia mpaka adhana ya magharibi, na mimi nililia naye, na futari siku hiyo akapika mume wangu.

Kesho yake tulimfuata sheikh wa msikiti wetu, watatu sisi. Hakumkemea. Alimwambia aya zenyewe za kufunga zimemtaja mgonjwa, kwamba ruhusa ile ni ya Mungu, na mtu asiyetarajia kupona ana njia yake: kulisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Mwanangu akaichukua kama kazi. Kila jioni alipika vitumbua yeye mwenyewe, akavifunga na sahani ya wali au tambi, akampelekea bibi mmoja wa barabara ya nyuma anayeishi peke yake. Mwezi mzima hakukosa. Wale vijana wenzake waliokuwa wamefunga walimwona anapita na kanga imefunika sahani, wakamuuliza, akawaeleza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliutaja ugonjwa wake kwa mdomo wake mbele ya rafiki.

Nyumbani tuliweka taratibu mpya, na nyingi aliziweka yeye. Akitaja namba, hakuna kuuliza amekula nini. Swali la kwanza ni "unajisikiaje", la pili ni "sasa tunafanyaje". Sindano ya asubuhi nikairudisha mikononi mwangu. Niliogopa atakasirika, kumbe alishusha pumzi. Alikuwa amechoka. Ya jioni akabaki nayo. Mwaka uliofuata akaichukua na ya asubuhi mwenyewe, kwa hiari yake, na tukakubaliana kwamba siku akilemewa anaweza kunirudishia bila maelezo. Amenirudishia mara kadhaa.

Nikaacha kuhesabu vitumbua. Badala yake tukavipima. Stripu za kliniki, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni za kuhesabu, hazitoshi kupima ovyo, kwa hiyo tulichagua siku: anapima, anakula vitumbua viwili na chai isiyo na sukari, anapima tena baada ya saa mbili. Siku nyingine kimoja na maharage. Akaona mwenyewe tofauti, akaiandika. Namba zilizokuwa za kumhukumu zikawa zake za kujua. Daftari lile jipya lilikuwa chafu: mafuta, kalamu tatu tofauti, 15.3 imezungushiwa duara na pembeni ameandika "biriani ya harusi". Nesi alipolifungua alitabasamu mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyolipenda lile safi.

Kliniki nao wanawakutanisha vijana peke yao, wazazi tunakaa mbali. Yanayosemwa huko siyajui yote na sitaki kuyajua. Moja alilonisimulia, bila kutaja mtu, ni la msichana aliyekuwa anaacha insulini makusudi ili apungue mwili. Sikuwahi kufikiria hilo. Wenye mabinti waliangalie, na waangalie pia maneno yanayosemwa ndani ya nyumba kuhusu unene.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni tulimhamishia ya kutwa. Si kila familia inaweza, nalijua hilo. Ingekuwa ni bweni tena, ningekwenda mimi kwanza kabla yake, nikae na mwalimu, matroni na viranja, niwaonyeshe bomba la sindano mchana kweupe, niwaambie hiki ni nini, akianguka mpeni nini, na ufunguo wa pili wa friji akae nao nani. Wakati ule nilimwachia barua ya daktari ndani ya bahasha, aipeleke mwenyewe. Hakuipeleka. Niliikuta chini ya sanduku lake, bado imefungwa.

Sasa yuko Arusha, anasomea ufundi wa umeme. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 7.9. Si chini ya 7, na kuna miezi inapanda. Juzi saa tatu usiku nilikuwa nachagua mchele wa kuloweka, simu ikalia. Ameandika: "16.8. Nilikula chips kwa washkaji nikasahau kuchoma. Nimeshachoma. Nitapima tena saa tano."

Nikamjibu: "Sawa baba. Unajisikiaje?"

"Kiu tu. Niko sawa."

Nikaloweka mchele, nikafunika sufuria, nikakaa na simu mpaka saa tano.